"Haikuonekana" Si "Haipo": Sumu ya Mwani Katika Maji ya Kunywa ya Endarasha

Mgeni afikaye Endarasha kutoka mjini Nyeri kwa njia ya Mweiga hupokewa na milima pande mbili. Magharibi imejinyoosha safu ya Nyandarua iliyovikwa msitu. Mashariki, ng'ambo ya uwanda wa Kieni, Mlima Kenya huonekana asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika. Mtu angetarajia kwamba pahali palipokumbatiwa na minara miwili ya maji ya taifa hapajui kiu. Kumbe sivyo. Sehemu kubwa ya Kieni imo katika kivuli cha mvua: mawingu huumwaga mzigo wake upande wa pili wa milima, na yafikapo huku huwa mepesi. Mito ishukayo msituni nayo ina wenyewe wengi, kuanzia mwenye shamba la juu hadi mfugaji aliye mbali katika nyanda za chini za Laikipia. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu huweza kuruka.

Ndiyo sababu mkulima wa viazi, kabeji na vitunguu wa sehemu hii amejichimbia bwawa lake. Huchimba shimo nyuma ya boma, akalitandika karatasi nzito ya plastiki nyeusi, akaielekeza mifereji ya barabara na ya shamba imwagie humo wakati wa masika. Bwawa ni akiba, na akiba haiozi, kama walivyonena wahenga. Hata hivyo, akiba hii huoza. Ifikapo Januari au Februari, jua likiwa kali, upepo ukiwa umetulia na maji yakiwa hayana pa kwenda, bwawa hubadilika rangi. Kwanza huwa kama maji yaliyooshewa sukuma wiki. Baada ya siku chache utando huanza kuonekana upande ule upepo unakoelekea, mzito na wa kijani chenye ubuluu, mithili ya rangi ya mafuta iliyomwagwa na fundi mzembe. Watu husema tu kwamba maji yamekuwa kijani. Huusogeza utando kwa mkono au kwa kibuyu, wakachota.

Kilichomo ndani ya utando ule ndicho kiini cha insha hii. Na kwa kuwa jarida hili ni la wanaokisoma Kiswahili, yafaa tuanze na jina lake, ambalo lenyewe ni mtihani.

Wataalamu wa Kiswahili wametupa neno "mwani". Ni neno zuri na la kale, ila lina bahari ndani yake. Kwa mwanamke wa Paje au Jambiani, Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza mwaka 1989, mwani ni zao linalofungwa kwenye kamba, likaanikwa na kuuzwa. Ni karo ya mtoto. Ukimwambia mama huyo kwamba mwani umewaua ng'ombe, atakutazama kwa huruma. Ukimwambia mkulima wa Endarasha, ambaye pengine hajaiona bahari, neno halitamchorea picha yoyote. Isitoshe, kiumbe kinachohusika si mwani hata kidogo. Ni bakteria, jamii iitwayo sianobakteria, ambayo kwa muda mrefu iliitwa mwani wa buluu-kijani kwa sababu hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama ifanyavyo mimea. Ni viumbe wa kale kupindukia. Hao ndio walioijaza anga ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kwa hiyo kila pumzi aivutayo binadamu ni deni kwao. Si haki kuwaita wachafu. Tatizo ni wingi wao na baadhi ya vitu wavitengenezavyo.

Wingi huo nao umeletewa jina lenye utata. Waandishi kadhaa husema mwani "umechanua", wakifuata lugha ya kigeni. Kwa mkulima wa viazi, kuchanua ni habari njema: ni maua meupe na ya zambarau yanayoashiria kwamba mbatata zimeanza kutunga chini ya udongo. Kulipa balaa jina la neema ni kumfunga msomaji macho. "Kufurika kwa mwani" au "mfumuko wa mwani" ni heri, kwa maana mfumuko hauna sifa njema, kama ajuavyo kila mtu aendaye dukani.

Mfumuko huo hausababishwi na uchawi. Mkulima yeyote wa Kieni anaufahamu mfuko wa mbolea ya kupandia wenye tarakimu 18 na 46. Ya kwanza ni kiasi cha naitrojeni na ya pili ni kiasi cha fosfeti. Viazi havili chakula chote hicho. Mvua ikinyesha kwa nguvu, sehemu ya mbolea hushuka pamoja na udongo na samadi hadi bwawani, na huko hukuta mlaji asiyekataa. Sianobakteria wengi wana vijifuko vya hewa ndani ya seli zao. Kwa vijifuko hivyo huweza kupanda juu kuufuata mwanga na kushuka chini kukifuata chakula. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ulihusu vyombo vya majini, lakini haujapata kuwa wa kweli zaidi kuliko katika bwawa lililotulia.

Sasa tuje kwenye sumu. Mwaka 1878, George Francis aliandika kuhusu mifugo waliokufa baada ya kunywa maji yenye utando wa namna hii katika Ziwa Alexandrina, nchini Australia: kondoo, farasi, mbwa na nguruwe. Tangu wakati huo orodha imerefuka. Hapa kwetu Kenya, heroe wadogo walikufa kwa maelfu katika Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru tangu miaka ya 1990. Andreas Ballot, Lothar Krienitz, Kiplagat Kotut na wenzao walipoyachunguza maziwa hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta sumu za sianobakteria, nazo zikaingizwa katika hesabu ya visababishi vya vifo hivyo pamoja na magonjwa na metali nzito. Katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, ambako wavuvi na familia zao huyachota maji moja kwa moja ziwani, sumu hizo zimepimwa na kupatikana mara nyingi. Mwaka 2020 serikali ya Botswana ilitangaza kwamba tembo wapatao 330 waliokutwa wamekufa kandokando ya mabwawa ya eneo la Okavango waliuawa na sumu ya sianobakteria.

Msomaji wa Nyeri aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mabondeni na ya nchi za joto. Asijipumbaze. Mwaka 2004, F. Mwaura na wenzake walichapisha uchunguzi wao uliohusu mabwawa madogo ya nyanda za juu za Kenya, huko huko kwenye vyanzo vya mito ambako baridi hutarajiwa kuwa ngao. Walikuta mifumuko ya sianobakteria na sumu zake. Bwawa dogo lenye kina kifupi hupata joto upesi wakati wa kiangazi, hata kama usiku wake ni wa kuwasha moto wa kuota.

Sumu yenyewe ni ya aina nyingi. Iliyo mashuhuri zaidi huitwa mikrosistini: pete ya asidi amino saba, ambayo aina zake zinazojulikana zimepita 200. Hulenga ini. Huingia ndani ya seli za ini na kuvizuia vimeng'enya vinavyolinda umbo na kazi za seli, zikasambaratika. Anatoksini na saksitoksini hulenga neva, na silindrospemopsini huharibu ini na figo. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini katika kila lita. Mwongozo wa mwaka 2020 uliibakiza 1 hiyo kwa anayekunywa maji hayo maisha yake yote, ukaongeza 12 kwa muda mfupi usiozidi wiki mbili hivi. Ili tukielewe kiasi hicho, tulichukue bwawa la urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita 2.5. Hilo hubeba lita 500,000. Nusu gramu ya mikrosistini, ambayo haifuniki hata ncha ya kijiko cha chai, ikisambazwa sawasawa humo yatosha kulifikisha bwawa zima kwenye mpaka.

Kibaya zaidi ni kwamba nusu gramu hiyo haina harufu. Maji ya bwawa huweza kunuka udongo au uvundo, lakini harufu hiyo hutokana na kemikali nyingine. Maji yanayonuka huweza kuwa salama, na yasiyonuka yakawa hatari. Na haichemki ikaisha. Hapa ndipo elimu ya afya tuliyolelewa nayo inapofikia ukingo wake. Tangu chekechea mtoto wa Kenya huimbishwa kwamba maji ya kunywa huchemshwa, na ni kweli tupu kuhusu kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Mikrosistini hustahimili mchemko wa sufuria. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki ndani ya maji machache zaidi. Agosti 2014, wakazi zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, walikatazwa kuyanywa maji ya mfereji kwa muda wa siku tatu hivi baada ya sumu hiyo kuonekana katika maji yaliyokwisha kusafishwa, na tangazo lilisisitiza kwamba wasiyachemshe.

Kuua mwani nako si suluhisho la haraka kama inavyodhaniwa. Sumu nyingi hukaa ndani ya seli. Seli ikipasuka, humwagika majini. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu ili kuondoa mwani. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Mrututu ule ule hutumiwa na wakulima dhidi ya ukungu wa mimea, na ni rahisi kwa mtu kuupeleka bwawani kwa nia njema.

Na tusisahau Caruaru, nchini Brazil. Februari 1996, wagonjwa wa figo katika kituo kimoja cha kusafishia damu waliunganishwa na mashine kama kawaida yao. Maji yaliyotumika yalitoka katika bwawa lililokuwa na sianobakteria, na hayakuwa yamesafishwa ipasavyo. Waliofariki walizidi 50. Mikrosistini ilipatikana ndani ya maini yao. Ni tukio lililoufanya ulimwengu uache kuiona sumu hii kuwa habari ya kondoo na mbwa.

Basi hutambuliwaje? Swali hili lilimkuta mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Endarasha, akiwa nyumbani likizoni. Yeye ni binti wa pili, na kwa desturi ya Wagikuyu amepewa jina la nyanya yake mzaa mama. Kwa hiyo mama yake humwita "maitu", yaani mama, kwa utani na kwa heshima pia. Mfereji ulikuwa umekauka kwa muda wa wiki mbili. Nyumbani palikuwa na mjukuu wa miezi minane, na uji wake ulipikwa kwa maji ya bwawa.

"Maitu," mama alimwambia, "wewe ndiye uliyesoma. Maji haya yana nini?"

"Yana mwani, mami."

"Mwani ni nini?"

Msichana huyo alikuwa amepata alama nzuri katika somo la istilahi. Hata hivyo, hakuwa na jibu ambalo lingemsaidia mtu aliyeshika sufuria.

Rafiki yake wa chuoni aliyekuwa akisomea kemia alimweleza kwa simu majaribio mawili yasiyohitaji maabara. Jaribio la kwanza ni la kijiti. Chovya kijiti kwenye utando, kisha kiinue. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo yamkini ni mwani wa kawaida wa kijani. Kikitoka kimepakwa kama brashi ya rangi, shuku sianobakteria. La pili ni la chupa. Jaza maji robo tatu ya chupa ya kioo, uiweke mahali penye giza usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimetua chini, kuna nafuu. Kikiwa kimepanda na kufanya pete juu, vile vijifuko vya hewa vimejitambulisha. Chupa ya jamu ikawekwa chini ya kitanda. Asubuhi pete ilikuwa juu.

Ikumbukwe kwamba majaribio hayo hutambua kiumbe, hayatambui sumu. Hadubini nayo ina ukomo uo huo. Mtaalamu huweza kuona makoloni ya Microcystis yaliyojaa vidoto vyeusi vya hewa, akayahesabu, lakini hawezi kusema kwa kuyatazama kama yana sumu. Ndani ya spishi moja wamo wenye jeni za kuitengeneza na wasio nazo, na kwa macho hawatofautiani. Ni kama kuwatazama watu sokoni na kutaka kujua nani ana kisu mfukoni. Kwa hiyo lazima sumu yenyewe itafutwe, na kwa hilo maji hayana budi kusafiri.

Safari ina masharti. Chupa iwe ya kioo, kwa kuwa sumu hushikamana na baadhi ya plastiki. Ifungwe isipate mwanga. Iwekwe kwenye barafu. Kutoka mjini Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150, na kabla ya hapo kuna kipande cha Endarasha hadi mjini. Binti alibeba chupa mbili. Moja aliichota katikati ya bwawa, kina cha mkono mmoja. Ya pili aliichota ukingoni, upande wa upepo, mahali hasa pale ambapo ndoo huchovywa.

Huko maabara, chupa ziligandishwa na kuyeyushwa mara tatu ili seli zipasuke. Kisha kikafuata kipimo cha kingamwili, na hapa msomaji avumilie kidogo kwa kuwa utaratibu wake unapendeza. Sahani ya plastiki ina vishimo 96. Katika kuta za kila kishimo imebandikwa sumu kidogo, au kitu kinachofanana nayo. Hutiwa maji ya sampuli pamoja na kingamwili zinazoitambua asidi amino moja isiyo ya kawaida, ambayo ni kama alama ya ukoo wa mikrosistini. Kingamwili zina hiari mbili: kuishika sumu iliyo ukutani, au kuishika iliyo majini. Ikiwa maji hayana sumu, zote hwenda ukutani. Ikiwa maji yana sumu nyingi, kingamwili huelea pamoja nayo na huoshwa zikaenda zake. Mwishoni hutiwa dawa inayotoa rangi palipo na kingamwili ukutani. Kwa hiyo rangi kali ni habari njema, na rangi ikififia, sumu imezidi. Kinyume cha matarajio ya kila mtu, kishimo cheupe kama maji ya mvua ndicho cha kuogopwa. Kando ya sampuli hupangwa vishimo vyenye viwango vinavyojulikana, ili mpimaji alinganishe.

Kipimo hiki huchukua saa chache na huweza kuona hadi takriban mikrogramu 0.1 katika lita. Hakiwezi kusema ni aina gani kati ya zile 200, wala hakioni anatoksini au silindrospemopsini, kila moja ikiwa na kipimo chake. Anayetaka majina kamili hana budi kwenda kwenye mashine za kutenganisha kemikali na kuzipima uzito wa molekuli. Hizo ni ghali, zinataka umeme usiokatika, na zinataka sumu halisi iliyosafishwa ya kulinganishia. Ndiyo maana kingamwili zimekuwa tegemeo la nchi nyingi, na ndiyo maana pia zipo karatasi ndogo za kuchovya zinazotumia hila iyo hiyo, mtu akaisoma mistari akiwa kando ya bwawa.

Chupa ya katikati ilitoa rangi iliyokolea. Katika fomu iliandikwa kwamba kiasi kilikuwa chini ya kikomo cha kipimo. Chupa ya ukingoni haikutoa rangi yoyote: ilikuwa imepita kiwango cha juu kabisa cha sahani, ikabidi izimuliwe na kupimwa upya. Bwawa lilikuwa moja, asubuhi moja, na umbali kati ya chupa na chupa ni hatua chache. Upepo ulikuwa umeufagia utando wote na kuulundika pale pale palipo na ngazi ya kuchotea.

Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa kemia ilipokoma na ya mwanafunzi wa Kiswahili ikaanza, na si dhihaka kusema kwamba hii ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Binti alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha maabara. Mama aliuliza swali ambalo kila mnywaji wa maji angeuliza.

"Kwa hiyo maji yana sumu au hayana?"

Lugha yetu ina vitenzi vinavyoweza kubeba jibu hilo kwa uaminifu, mradi mwandishi asivichanganye. "Haipo" ni kauli kuhusu bwawa. "Haikuonekana" ni kauli kuhusu macho ya mpimaji, chupa aliyopewa na siku aliyoitazama. Mhazili mwenye haraka hutafsiri ya pili kwa ya kwanza, akidhani amerahisisha, kumbe amelidanganya kaya zima. Vivyo hivyo, "maji ni salama" ni kauli ndefu kuliko inavyoonekana: salama kwa nani? Mwaka 2015 Shirika la Mazingira la Marekani lilipendekeza, kwa muda wa siku 10, kiwango cha mikrogramu 0.3 kwa watoto wachanga na wale ambao hawajafikia umri wa shule, na 1.6 kwa wengine. Mtoto hunywa maji mengi kwa kulinganisha na uzito wake. Maji yale yale katika meza ile ile yanaweza kuwa halali kwa nyanya na haramu kwa mjukuu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara hizo tatu zikisomwa pamoja, matokeo ya kipimo cha maji yaliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnywaji ni haki iliyofika nusu njia. Vyuo vyetu vimejaa tasnifu kuhusu istilahi za sarufi na za fasihi. TUKI ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo iliheshimiwa. Lakini neno la kamusini hulala usingizi hadi mtu alipeleke jikoni.

Jikoni mwa mama huyu lilipelekwa hivi. Binti alikaa mezani na daftari. Alijaribu "mikrosistini", akaifuta. Alijaribu "sumu ya mwani", akaifuta pia, kwa kuwa nyanya aliuliza kama ni ile dawa ya panya. Hatimaye alieleza tu: maji yakisimama na kuota kijani kinachoelea kama rangi, kijani hicho hutengeneza kitu kinachoharibu ini; moto haukiui; kukinyunyizia dawa hukimwaga zaidi; mtoto asipewe; ndama asinyweshwe hapo.

"Ndama amekataa kunywa upande ule tangu juzi," mama alisema.

Si jambo la kutegemea. Kondoo wa Ziwa Alexandrina hawakukataa. Binti hakumbishia mama yake. Alisema kwamba ndama asitiwe majaribuni, na uji wa mtoto upikwe kwa maji ya pipa la mvua yaliyosalia, na yakiisha, yanunuliwe kwa mwenye kisima. Bomba la kuvutia maji ya kumwagilia lihamishwe kutoka ukingoni, litumbukizwe kwenye kina. Mfereji unaotoka shamba la viazi ugeuzwe, upite kwanza kwenye nyasi. Hayo yote mama aliyakubali bila ubishi, kwa sababu yalikuwa kazi, na kazi aliijua.

Kilichomkwaza ni karatasi ya maabara yenye majibu mawili. Binti aliieleza mara ya kwanza kwa istilahi, na mara ya pili bila istilahi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Ni kama maziwa," alisema.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, wafugaji wa Endarasha hupanga mikebe yao kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Karani hutumbukiza kipimo cha uzito ili ajue kama yametiwa maji, akatia spiriti kwenye matone machache ili aone kama yataganda. Maziwa ya jana yaliyopita hayamsaidii mtu ambaye ya leo yamekataliwa. Mkebe wa asubuhi hauusemei wa jioni, wala ng'ombe mmoja hamsemei mwingine. Hakuna aliyewahi kumwambia karani kwamba maziwa yake yalikwisha kupimwa mwezi uliopita. Mama alikuwa ameishi na sayansi hiyo miaka yote, ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba maji nayo yako hivyo.

Binti akaandika kwenye kadi: "Chupa ya katikati: sumu haikuonekana. Chupa ya ukingoni: imeonekana, ni nyingi. Maji haya yasinywewe wala yasipikiwe." Akataka kuibandika ukutani juu ya meko.

"Ngoja, maitu," mama alisema. Akaichukua kalamu na kuandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe, na chini ya tarehe akaacha nafasi ya mistari mingine.